Waya wa Kulegea

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kumkosa binti yake. Tangu mama mtu afariki, binti alifika gereji pale tu gari lake kuukuu la mikate lilipomsumbua. Basi kutu ilipovila vishikio vya bomba la moshi, fundi hakuweka vipya. Alilifunga bomba kwa waya. Waya ukalegea, binti akarudi, chai ikanywewa, wakataniana hadi jua likainama. Akafunga tena, akiulegeza makusudi.

Leo binti alikuja na vishikio vipya mkononi.

"Shikamoo baba. Mgonjwa wako huyo, anakohoa kuliko babu."

"Marahaba mama. Afadhali yeye anakohoa. Wewe hata simu hupigi."

Binti alicheka, kicheko cha nusu mdomo. "Nifungie hivi. Safari ni ndefu, nahama."

"Unahama? Na mikate?"

"Mikate ipi tena? Wiki iliyopita bomba lilidondoka langoni mwa hospitali ninayoipelekea mikate, likapiga kishindo, wagonjwa wakadhani kumelipuka bomu. Wakaniambia nisirudi. Na bila hospitali sina biashara, baba. Nimepata kazi ya kuajiriwa, mbali."

Fundi aliinua gari kwa jeki, akaliwekea stendi, akajitosa chini. Alikata waya uliobaki, akapulizia nati dawa ya kutu, zikalainika. Kishikio cha kwanza, raba yake, kaza. Cha pili, hivyohivyo. Binti alikuwa amechuchumaa akilishikilia bomba, macho kwenye mikono ya baba yake. Haikutetemeka wala kubahatisha.

"Kumbe ni kazi ya mara moja," alisema taratibu. "Mimi nilijua umezeeka. Watu wakisema nitafute fundi mwingine, nagombana nao. Nawaambia, mwacheni baba yangu, mkono umechoka tu."

Spana ikaanguka sakafuni.

"Baba. Ulikuwa unaweza siku zote?"

"Nilitaka urudi, mama."

Binti aliliachia bomba. Likatulia palepale, halikuning'inia wala kutikisika. Alijifuta masizi kwenye suruali, akasimama.

"Ungeniita tu," alisema. "Ungesema njoo. Ningekuja."

Fundi alibaki chini ya gari, akikaza nati iliyokwisha kukazwa. Aliviona viatu vya mwanawe tu, vikisubiri gari lishushwe.