Sanduku la Fundi Mwisho

Kaka yangu ni seremala, na kwa miaka mingi sasa kazi yake ni majeneza. Zamani alitengeneza makabati na vitanda, lakini siku hizi watu wananunua makabati ya vipande vya kuunganisha, yale ambayo yakimwagikiwa chai yanavimba kama shavu lenye jino bovu. Jeneza bado hakuna aliyethubutu kuliagiza likiwa vipande vipande ndani ya katoni. Mtaani wanamwita Fundi Mwisho, na yeye huitika bila kinyongo.

Kinachomuuma ni kitu kimoja. "Nafanya kazi safi," husema, "lakini hakuna mteja wangu aliyewahi kurudi kuniambia asante." Ni kweli. Wafiwa wanalia, hawana muda wa kutazama viungo vya mbao. Na mwenye kulilalia amefumba macho.

Basi binti yake alijifungua mtoto wa kwanza katika mji wa mbali, unaofikiwa kwa ndege, na mkwe wetu akamkatia mama mkwe wake, yaani wifi yangu, tiketi aende kumlea mzazi. Mkwe wetu ni mtu mwema, ila ana mkono wa birika. Alikata tiketi ya bei ya chini kabisa, ile inayokuruhusu kubeba roho yako na begi moja dogo la kuingia nalo ndani ya ndege. Vipimo vyake akavituma kwa simu. Kitakachozidi hapo kinalipiwa, na malipo yenyewe yanakaribia bei ya tiketi.

Wifi yangu akainama chini ya kitanda, akatoa begi lake la zamani. Zipu ilikuwa imekufa, mdomo umefungwa kwa pini.

"Siwezi kushuka kwenye ndege na hili," akaniambia. "Mama wa mkwe wetu atakuja kunipokea. Unamkumbuka? Siku ya harusi aliangalia viatu vyangu kama anayesoma tangazo la msiba."

"Tutanunua jingine, wifi," nikasema.

Kaka yangu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Akakiweka chini taratibu.

"Mke wa seremala," akasema, "aende dukani kununua sanduku."

"Ni begi, baba watoto."

"Begi ni sanduku lililokosa fundi. Nipe hivyo vipimo. Safari hii nitatengeneza kitu kitakachobebwa na mtu anayepumua. Watu wataliona, watauliza nani katengeneza, na wewe utakuwa na mdomo wa kuwajibu."

Alisema hivyo uso wake ukiwa umenyooka kama wa kijana anayeposa. Wifi alinitazama. Mimi nilitazama chai.

Alifanya kazi kwa furaha ambayo sijaiona kwake tangu enzi za makabati. Alichagua mbao nyekundu, akazipiga randa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto. Pembe zote alizishikanisha kwa meno ya mbao, bila msumari hata mmoja. Aliimba nyimbo za sifa, na mara hii aliimba zile za furaha, maana karakana yake imezoea nyimbo za kuaga.

Kisha akatuita tulione kabla ya kupiga vanishi.

Lilikuwa zuri, sitasema uongo. Lakini mkono ukizoea jambo hauachi. Kifuniko kilikuwa na mgongo katikati. Pembeni aliweka mishikio ya shaba, ile ile, maana ndiyo iliyokuwa stoo. Alipofungua, ndani kulikuwa na satini nyeupe iliyokunjwa mikunjo mizuri, na upande mmoja kimto.

"Kimto cha nini?" wifi akauliza.

"Cha viatu," kaka akasema. "Visigongane."

Wifi akaanza kutokwa na machozi. Kaka akadhani ni furaha, akampigapiga begani, akasema subiri uone likishapata vanishi.

Jioni hiyo tulikaa jikoni, mlango umefungwa.

"Wifi, nikiingia kwenye ndege na kile kitu watu watasimama," akasema. "Watatoa pole. Kuna watakaochanga."

"Mwambie ukweli."

"Nimwambieje? Kwa mdomo gani? Hujamsikia anavyoimba?"

"Basi beba tu. Bwana atakupigania."

"Bwana atanipigania na yule mama wa mkwe? Atauliza mjukuu wake nimemletea nini humo ndani."

Hapo nikaona jambo ni zito. Ikiwa atalibeba, atafika amedhalilika. Ikiwa atalikataa, atamvunja mume wake moyo, na moyo wa mwanamume wa umri ule hauna vipuri. Tukaomba pamoja, kila mtu kimoyomoyo, na tulipomaliza akasema twende dukani.

Mimi ni dereva wa teksi, kwa hiyo usafiri si shida. Tulimwambia kaka tunakwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Njiani tuliimba ubeti mmoja ili isiwe uongo mtupu.

Duka lilikuwa na mabegi kutoka sakafuni mpaka darini. Muuzaji, kijana mwenye shati la kubana, akatuletea kwanza jekundu linalometa.

"Hili, mama, ukilivuta watu watakupisha."

"Watanipisha wakidhani nimekunywa," wifi akasema. "Rudisha."

Akaleta lenye madoa ya chui. Wifi akamuuliza kama anaonekana mtu wa kusafiri na chui. Akaleta jeupe. Wifi akalipitishia kidole, akamwonyesha kijana kidole chake, kijana akalirudisha mwenyewe.

Halafu wifi akafumba macho katikati ya duka, mikono kifuani.

"Wifi," nikamnong'oneza, "Mungu ana mafuriko na vita vya kushughulikia. Usimpeleke kwenye rafu za mabegi."

"Aliyeumba ukucha wa kidole kidogo cha mguu hawezi kushindwa na magurudumu," akasema, macho bado kayafumba.

Alipofumbua, alilinyooshea kidole moja la kijani kibichi cha chupa, lililokuwa limesukumwa nyuma. Ganda gumu lisilong'aa. Akalinyanyua kwa vidole viwili. Akabonyeza ganda kwa gumba, likabonyea, likarudi. Akalifungua: upande mmoja mikanda ya kukaza nguo, upande mwingine wavu wenye zipu wa kuweka viatu na vitu vidogo. Nje kulikuwa na mfuko wa bapa wa pasi na tiketi, ili mtu asipekuliwe nguo za ndani mbele za watu. Akavuta mshikio, ukapanda bila kukwama, ukasimama usawa wa nyonga yake.

"Nataka kulivuta nje," akasema.

"Mama, hapa ndani si kuna sakafu?"

"Mwanangu, sakafu yako ni kioo. Mimi sitembei kwenye vioo, natembea kwenye barabara ya kwetu."

Akatoka nalo kwenye kijia cha vigae vilivyovunjika, kijana nyuma yake kama mlinzi wa benki. Magurudumu manne yakageuka huku na huku, begi likamfuata wifi kama mtoto anayetaka pipi. Aliporudi akalinyanyua juu ya kichwa, akaliweka kwenye rafu ya juu, akalishusha, akalipandisha tena. Bega lake linamsumbua tangu zamani, na safari hii halikulalamika.

Muuzaji alilipima mbele yetu, kwa nje, pamoja na magurudumu na mshikio. Likawa ndani ya vipimo.

"Sasa hili," wifi akasema, "mtu akiniona nalo hatanipa pole."

Tukalificha kwenye buti la teksi yangu, chini ya blanketi. Mpango ulikuwa mwepesi. Kaka atuage nyumbani, sisi tukifika uwanja wa ndege tuhamishe nguo chooni, na sanduku nirudi nalo nilifiche kwangu mpaka wifi arudi.

Kaka hakutuaga nyumbani. Siku ya safari alitoka amevaa suti yake ya harusi.

"Nakwenda kuwaona wakiliona," akasema.

Sanduku lilikuwa limepata vanishi mara tatu. Ungeweza kujichana nywele kwa kujitazama humo. Alikataa liende kwenye buti, eti litachubuka, na mimi sikumbembeleza. Akaliweka kiti cha nyuma, akalifunga mkanda. Barabarani magari yalitupisha. Mzee mmoja wa baiskeli akavua kofia.

"Unaona?" kaka akasema.

Wifi alikuwa anatazama nje, midomo inachezacheza. Nilijua anaomba, sikujua anaomba nini.

Uwanjani, mbele ya dawati la shirika, palikuwa na kasha la chuma lililo wazi juu. Kila abiria anatumbukiza mzigo wake humo. Ukiingia, umepita. Binti wa dawati alipoliona sanduku alishtuka kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni la... ni la nini?"

"La nguo," kaka akajibu. "Limetengenezwa kwa mkono. Pitisha kidole hapo uone."

Binti akapitisha kidole. Kaka akatabasamu. Kisha akalibeba mwenyewe, akalishusha kwenye kasha la chuma, nalo likakaa juu ya mdomo wa kasha kama kuku juu ya kiota cha njiwa.

"Haliingii, mzee," binti akasema.

"Linaingia." Akalisukuma. Akaligeuza. Akalisukuma tena.

"Limezidi, mzee wangu. Pande zote."

"Haiwezekani. Nimepima kama mlivyoandika." Akatoa futi ya chuma mfukoni, maana hata kwenye suti ya harusi anayo, akafungua kifuniko, akapima juu ya satini. Vipimo vikawa sawasawa, hakuna hata unywele uliozidi.

"Mzee," binti akasema kwa upole, "unapima ndani."

"Sasa nipime wapi?"

"Sisi tunapima nje."

Kaka akamtazama kama mtu aliyeambiwa jua linazama asubuhi. "Binti yangu, mimi kila siku napima ndani. Mteja wangu anaingia ndani. Nikimkunja miguu, ndugu zake watanila nyama. Nje ni shauri la wachimba kaburi, na wao wanaongeza."

Binti akarudisha kidole chake taratibu, akakifuta kwenye sketi.

Nyuma yetu mtu mmoja kwenye foleni alicheka kupitia pua. Kaka akakaa juu ya sanduku lake. Mabega yalishuka, suti ikawa kubwa ghafla.

"Sijawahi kurudishiwa kazi," akasema. "Tangu nianze kazi, sijarudishiwa hata moja."

Nilitaka kumwambia nani angeirudisha, lakini kuna utani wa kusema na utani wa kumeza.

"Nenda na mfuko wa plastiki, mke wangu," akasema. "Mtoto anakusubiri. Mimi nimekuaibisha."

Wifi akanitazama. Mimi nikatazama dari, ambayo ilihitaji rangi.

"Baba watoto," wifi akasema, "kuna begi kwenye buti la gari."

"Begi gani?"

"Nililonunua."

"Ulinunua lini?"

"Kabla hujapiga vanishi."

"Vanishi ipi? Nilipiga mara tatu."

"Kabla ya ile ya kwanza."

Foleni nzima ikanyamaza, kwa heshima ya mambo ya ndoa, na ili isikie vizuri.

"Na ulikuwa unaniambia linapendeza."

"Linapendeza. Hatuna kitu kizuri kama hicho nyumbani kwetu. Lakini nikilitazama namwona marehemu."

"Marehemu gani?"

"Yeyote."

"Sasa kama hukutaka kulibeba, ulitegemea nini?"

"Niliomba."

"Uliomba nini?"

Wifi akashika mkoba wake kwa mikono miwili. "Niliomba lisitoshe."

Nilikwenda garini haraka, kwa sababu ya muda na kwa sababu ya woga. Niliporudi na begi, nilitarajia kumkuta kaka amelia au ameondoka. Nilimkuta amesimama. Suti ilikuwa imemtosha tena.

"Umesikia, mdogo wangu?" akaniambia. "Amemwomba Mungu dhidi ya kazi yangu."

"Si dhidi ya kazi," wifi akasema. "Dhidi ya vipimo tu."

"Kwa hiyo sikukosea." Akageuka akamwambia binti wa dawati, na foleni, na mlinzi aliyekuwa amesogea. "Mimi sijakosea. Mkono wangu ulishikwa."

"Kaka, umepima ndani," nikasema.

"Na ni nani aliyenifanya nipime ndani?"

Hilo ni swali ambalo hata mchungaji wetu angeomba apewe muda.

"Wazee wangu," binti akasema, "ndege inafungwa."

Kaka alipiga magoti, akafungua begi la kijani. Akagonga ganda kwa kifundo cha kidole. "Plastiki," akasema, kwa sauti ya daktari anayetaja ugonjwa. Akazungusha gurudumu moja, likaenda kimya. Akazungusha jingine. "Aliyefunga haya ana akili," akakiri. Kisha akahamisha nguo za mke wake moja moja, akazipanga bila kuacha pengo, akakaza mikanda, akatia viatu kwenye wavu. Zipu aliifunga kwa vidole viwili, kama anayemshika konokono.

Begi likaingia kwenye kasha la chuma bila kugusa pembeni. Kaka akainama, akachungulia nafasi iliyobaki.

"Limepita kwa neema," akamwambia binti. "Si kwa ufundi."

Wifi akamshika mkono. "Umenisamehe?"

"Wewe nimekusamehe. Ila ukifika huko, kabla hujambeba mtoto, piga magoti umwambie Mungu lile ombi la lisitoshe limeshafanya kazi, alifute." Akamsogezea mshikio wa begi mkononi. "Jumamosi nina jeneza la mtu mrefu."