Brashi Ajifunza Kusahau

Hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na pensheni, hakuwa na gari, hakuwa na mtoto aliyeishi karibu, hakuwa na suti wala mahali pa kuivaa. Hayo yote hakuwa nayo kabisa. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati alipotafuta mzee wa kulipwa aigize mgonjwa wa kusahau, ili wahudumu wa afya wa mtaani wajifunze kumtambua, mpaka rangi mstaafu aliyeitwa Brashi aliwahi kabla ya wote.

"Babu, utaweza kweli kujifanya umesahau?" muuguzi alimuuliza.

"Samahani mwanangu, ulikuwa unasemaje?"

Akapewa kazi papo hapo.

Mwalimu wa kazi hiyo alikuwa naye nyumbani. Kwa miezi kadhaa mkewe alikuwa akitia funguo kwenye kopo la sukari, akiunga mboga chumvi mara mbili, na kumpokea muuza mayai kama mgeni aliyetoka safari. Brashi aliyaona yote na kuyafunika, kama alivyozoea kufunika nyufa za kuta kabla mwenye nyumba hajaja kukagua. Binti yao, aliyeishi mji wa mbali, alikwisha apa kwamba siku mama akianza kuyumba atamchukua akakae naye. Nyumba ya binti ilikuwa na chumba kimoja tu cha wageni, na kitanda chake kilikuwa cha mtu mmoja.

Alasiri moja Brashi alifanya mazoezi mbele ya mkewe. Mguu mmoja kandambili, mwingine kiatu, akaanza kutafuta miwani aliyoivaa usoni.

"Maskini," mkewe akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mzee huyu hana watu wake?"

"Ana mke."

"Mke gani anamwacha mume atoke hivyo? Si mzima huyo!"

Siku ya mafunzo wahudumu walijaa kwenye mabenchi. Mmoja akauliza kwa upole, "Babu, leo ni siku gani?"

"Kwani wewe umeipoteza wapi?"

"Na asubuhi umekula nini?"

"Mbona unauliza, umeniletea kitu?"

Mabenchi yakatikisika kwa vicheko. Majibu hayo Brashi alikuwa ameyaokota moto moto jikoni kwake. Watu wawili hawakucheka. Mmoja alikuwa shemeji yake, dada mdogo wa mkewe, aliyefuata dawa zake za presha na kuchungulia dirishani. Aliona kiatu na kandambili, akasikia majibu, akaondoka mbio na simu sikioni, dawa akaziacha pale dirishani.

Wa pili alikuwa muuguzi. Watu walipotawanyika, alimvuta Brashi pembeni.

"Babu, viatu tofauti kila mtu hutunga. Lakini kumrudishia mtu swali kwa mzaha ili asijue kwamba jibu huna, hilo halitungwi. Umeliona kwa nani?"

"Redioni."

"Babu!"

Brashi akaikazia macho kandambili yake.

"Si kila kusahau ni ule ugonjwa," muuguzi akasema. "Pengine ni masikio, pengine ni dawa anazokunywa. Na hata ukiwa ndio wenyewe, akija mapema kuna mengi ya kumsaidia. Mlete."

"Nikimleta, binti atamchukua."

"Na usipomleta?"

Alifika nyumbani, akakuta simu inalia.

"Baba, mama mdogo ameniambia yote," binti alisema. "Mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua. Mama hana neno, atabaki aangalie nyumba."

Brashi alianza kucheka. Kisha akaliona jiko, na mkewe peke yake mbele ya jiko hilo, na kicheko kikamkauka.

"Mwanangu, mimi ni mzima! Nilikuwa naigiza!"

"Ndivyo wanavyosema wote, baba. Pumzika." Simu ikakatwa.

"Nani huyo?" mkewe akauliza.

"Binti yako. Anakuja kunichukua. Anasema nimechanganyikiwa."

Mkewe alicheka hadi akakaa chini. Kisha akajifuta macho.

"Amekosea mtu," akasema.

Brashi akajifanya hakusikia.

"Usijifanye kiziwi, baba watoto. Ukichomoa funguo kwenye sukari unaacha alama za vidole. Nikaona, aa, huyu anajua. Nikanyamaza usije ukakosa raha."

"Na mimi nilinyamaza usije ukakosa raha!"

"Basi tumekosa sote. Leta karatasi. Huyo mtoto simu anakata, lakini barua hawezi kuikata katikati."

Brashi alijifunza kuandika ukubwani, shule ya jioni, baada ya kushuka ngazini na ndoo zake, na herufi zake zilisimama wima kama kuta mpya. Mkewe akatamka maneno, yeye akaandika.

"Mwanangu, anayesahau ni mimi. Baba yako ni mwigizaji tu, tena wa kubahatisha."

"Muuguzi amenisifu!"

"Andika ninachosema. Jumatatu ya mwisho wa mwezi nakwenda zahanati nikapimwe. Njoo twende wote, ulale chumbani kwako kwa zamani. Hapa hahamishwi mtu, si mke si mume. Tafuta dada wa kutusaidia jikoni. Mama yako mdogo mpe salamu, mwambie baba yako anasema dawa zake zinamngoja dirishani zahanati. Hapa hahamishwi mtu, si mke si mume."

Kalamu ikasimama. "Hiyo umekwisha isema."

"Nasisitiza," mkewe akasema, uso mkavu kabisa.

Brashi alimtazama sana. Hakuweza kujua. Akaiandika mara ya pili.

Mkewe akalamba gundi ya bahasha, akalalamika kwamba ni chungu, akaibana kwa kiganja. Wakaenda posta wameshikana mikono, na ni mkewe mwenyewe aliyeisukuma barua kwenye tundu la sanduku, akapiga bati kofi moja ili ishuke vizuri.