Folda Inayoitwa Yule

Niliisakinisha programu ya barua pepe mara mbili, na mara mbili ikanigomea. Mimi Brigita wa Ganako, niliyefunga mfumo wa Linux kwenye kompyuta za nusu ya hoteli za Karatu, nitolewe jasho na kompyuta kuukuu ya kikundi cha wafugaji hapa Endulen? Thubutu!

"Dada fundi, itakubali leo?" Nanyori aliuliza kwa mara ya nne.

Binti huyo aliomba chuo cha uuguzi kwa kutumia anwani ya barua pepe ya baba yake, aliyekuwa katibu wa kikundi. Mwisho wa kuthibitisha nafasi ulikuwa kesho saa nne asubuhi, na barua ya chuo haijaonekana.

"Itakubali, mdogo wangu. Isipokubali naitupa kwenye shimo la kreta."

Nikafungua faili ambamo kompyuta huandika malalamiko yake. Barua tatu za wiki hii zilikwama kwenye foleni, zote kwa kosa moja: folda ya Kisioki haipo.

"Kisioki ni nani?" nikauliza. Mdomo wangu hauna breki. "Jamani, Kisioki yuko wapi? Nani kaifuta folda ya Kisioki?"

Nanyori akainamisha kichwa. Baba yake mdogo, Tobiko, ambaye ndiye katibu siku hizi, akavuta shuka lake begani na kutoka nje.

Mtu hatoki nje kwa sababu ya folda. Udadisi ukanishika, nikaorodhesha folda zote za watumiaji. Ya Tobiko ipo. Kando yake kuna nyingine, imejaa barua za miaka sita, imeandikwa "yule". Nikamfuata Tobiko nje.

"Kaka, nani kaibadilisha jina ile folda?"

"Mimi," akasema, macho yakiwa kwa ng'ombe. "Kaka yangu alifariki mwezi uliopita. Kwetu jina la aliyekufa hatulitaji. Kila nikiwasha kompyuta nalikuta linaningoja. Nikaliondoa."

Loo! Na mimi nimelipayuka mara tatu mbele ya mtoto wake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwomba radhi.

"Ungejuaje, dada?" akasema, tukarudi ndani.

Folda sikuirudishia jina lake la zamani. Niliielekeza tu akaunti ya marehemu kwenye "yule", kisha nikaiamuru foleni ijaribu tena. Moja ikaingia. Mbili. Ya tatu ilitoka chuoni: Nanyori amepata nafasi! Alinikumbatia nikakosa pumzi.

Ikabaki fomu ya kuthibitisha. Mstari wa kwanza ulitaka jina kamili, kama lilivyo kwenye cheti cha shule. Akaandika "Nanyori", vidole vikasimama. Jina linalofuata lilikuwa la baba yake.

"Nikuandikie mimi?" nikanong'ona. Akatikisa kichwa kukataa, machozi yanamlengalenga.

Tobiko akasogea, akamwekea mkono begani.

"Andika, mwanangu," akasema. "Lile la kwenye folda nililiondoa kwa sababu moyo wangu uliuma. Lako ni lako, usiliondoe."

Nanyori akaandika, herufi moja moja, mpaka ya mwisho. Kisha akanitazama nihakiki kama hajakosea. Nikalisoma jina lote kwa macho tu, nikamwambia liko sawa, atume.