Biro ya Ladislas

Ladislas hakuwa mvivu. Hilo tuliseme mapema, maana mtaani Kamembe walishaanza kusema kinyume chake. Kijana mzima, shati limepigwa pasi, kila asubuhi yuko mkahawani na kompyuta, vipokea sauti masikioni, kikombe kimoja mbele yake hadi mchana! Ungepita pale wewe ungesema nini? Ungesema walichosema wao: huyo hana kazi, anajificha nyuma ya kikombe.

Kazi alikuwa nayo, tena ya maana. Alisikiliza filamu na mahojiano ya Kiswahili na Kifaransa, akaandika yale maneno yanayopita chini ya picha, akayatuma kwa kampuni moja ya ng'ambo ambayo hajawahi kuuona hata mlango wake. Alipokuwa Kigali hakuna aliyemshangaa. Kule mikahawa ya kahawa bora imejaa watu kama yeye, kila mmoja na waya wake, na hakuna anayemuuliza mwenzake neno. Lakini Ladislas alimpenda Uwamwezi, na Uwamwezi alikuwa mwalimu Kamembe. Basi akafunga virago akaja Kamembe, wilaya ya Rusizi, ng'ambo tu ya Bukavu alikozaliwa, kutafuta pa kulala na pa kufanyia kazi.

Pa kulala alipata siku hiyo hiyo. Pa kufanyia kazi palimtoa jasho. Chumbani kwake intaneti ilikuja na kuondoka kama homa. Akajaribu hoteli ya kando ya ziwa: kahawa ya kopo, jamani, katika wilaya inayolima kahawa! Na mhudumu akawa anamsimamia kichwani, ataagiza nini tena. Akajaribu banda moja karibu na mpaka wa Rusizi I. Kahawa nzuri, lakini wapagazi waligombea mizigo chini ya dirisha, na simu iliyokuwa ikimpa intaneti ikarukia mtandao wa Kongo, ikamlia vocha yote kabla hajamaliza sentensi. Kwingine televisheni ilipiga rumba tangu mlango unafunguliwa. Huwezi kuandika mahojiano ya mtaalamu wa mbolea huku mtu anamlilia mpenzi wake kwa Kilingala sikioni mwako.

Ndipo akampata Maman Patricie.

Alikuwa mjane, naye pia amekulia Bukavu, na mkahawa wake ulikuwa juu kidogo ya soko. Kahawa alikaanga mwenyewe uani, ya milima ya hapo hapo, na harufu yake ilikufikia kabla hujaona mlango. Nyuma palikuwa na chumba kidogo chenye meza, dirisha na soketi. Akampa Ladislas chumba kile bila kumwomba kitu zaidi ya bei ya kikombe. Umeme ukikatika, aliwasha jenereta kwa ajili yake peke yake. Na aliposikia kwamba mama wa kijana huyu amezikwa Bukavu, alianza kumwekea sahani ya sombe, kile kisamvu cha Bukavu, kila mchana.

"Lado, kula kwanza," alikuwa akimwambia. "Ile filamu yako haitakimbia."

Hakuna mwingine aliyemwita Lado tangu mama yake afariki.

Sasa, baba yake Uwamwezi alikuwa marehemu, na neno la mwisho la ndoa lilikuwa la baba yake mkubwa, Mzee Karangwa wa Giheke. Uwamwezi alimwambia Ladislas mapema, "Ukiulizwa, sema tu ukweli." Ushauri mwepesi kabisa. Lakini siku alipokwenda kujitambulisha, akawekwa kwenye kiti mbele ya wajomba na mashangazi, na mzee akamkazia macho.

"Unatumika wapi?"

Anafanya kazi wapi! Aseme nini? Kwamba anashinda mkahawani? Wangecheka mpaka ng'ombe wasikie.

"Niko na biro yangu Kamembe, Papa." Biro, yaani ofisi nzima!

"Na bantu ba kukutumikia, uko nabo?"

"Niko na mufanyakazi mumoja."

Ningependa kukuambia kwamba alijikwaa, kwamba alitoka jasho. Wapi! Ulimi ulikuwa laini kama umepakwa siagi. Mzee Karangwa akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akasema atapita aione hiyo biro, kisha familia itakaa na kumjibu.

Ladislas alirudi moja kwa moja mkahawani. Akamweleza Maman Patricie habari ya biro, na mama yule akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Sasa ile chumba ya nyuma, si unaikala mule kila siku? Mbele ni ya kahawa, nyuma ni ya weye. Uongo iko wapi?" Akapangusa machozi ya kicheko. "Na miye nitakuwa hapa. Muzee hawezi kuja kuangalia mutoto akose kukuta mama. Na siku ya mahari nitaikala pembeni yako, pale mama yako angeikala. Unakubali?"

Ladislas alikubali kwa kichwa. Habari ya mfanyakazi hakuigusa. Alijiambia atamweleza kesho, na kesho ikaja akajiambia vivyo hivyo.

Siku ya mzee kuja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Maman Patricie alifunga mkahawa, akaacha wateja wake waende kwingine. Alivaa kitenge chake kipya cha kutoka Bukavu, kilemba cha kitambaa kile kile, na hereni za dhahabu ambazo Ladislas hakuwahi kuziona. Alipendeza kama mama wa bwana harusi. Si ndivyo alivyokuwa?

Mzee Karangwa akaingia na viatu vyenye tope la Giheke, akakagua meza, akagusa kompyuta kwa kidole, akaangalia dirisha. Yote yalimpendeza. Akaketi. Maman Patricie akaingia na trei, kahawa yake iliyo bora kuliko zote, maana mgeni kama huyo huwezi kumwachia mtu mwingine amkaribishe.

Mzee akaiangalia trei, hakumwangalia aliyeibeba.

"Huyu njo mufanyakazi wako?"

Loo, Ladislas! Neno moja tu lilihitajika. Hapana, Papa, huyu ni mama. Mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyemkaba koo.

"Ndiyo, Papa," akasema.

Maman Patricie alisimama na trei yake. Kisha akatabasamu kidogo, kama anayengoja utani ufike mwisho, akaweka vikombe mezani, akavuta kiti ili aketi.

"Eh!" Mzee alishtuka kweli. "Mufanyakazi anaikala na bageni?"

Mvua ilipiga mabati. Ladislas aliangalia kikombe chake.

"Patricie," akasema, "rudi jikoni."

Patricie. Bila Maman. Mwanamke wa umri wa mama yake, aliyemlisha, na Ladislas akamwita hivyo kama mtoto aliyekosea. Mama yule akakirudisha kiti mahali pake taratibu, akatoka.

Mzee Karangwa alionja kahawa akakunja uso. Amelima kahawa maisha yake yote, akaiuza yote, na hajawahi kumaliza kikombe. "Iko chungu hii. Mwambie alete chai ya maziwa."

"Patricie! Chai ya maziwa!"

Mara ya pili jina lilitoka lenyewe, halikumkwaza popote, na hicho ndicho kilichomchoma zaidi. Chai ikaja. Mama yule akampa mzee kwa mikono miwili na kusema, "Karibu, Papa." Juu ya kitenge kipya alikuwa amefunga aproni.

Mzee alikunywa, akatengeneza kofia yake, akasimama akiwa na furaha. "Muntu mwenye anaheshimiwa na bafanyakazi, hata bibi yake ataheshimiwa. Tutakujibu vizuri. Na siku ya mahari uje na huyu mama, anajua kukaribisha bantu. Atasaidia kugawa vinywaji."

Alipoondoka, Ladislas alikwenda jikoni. Maman Patricie alikuwa anaosha vikombe.

"Maman, unisamehe. Nilishikwa na hofu..."

"Alikubali?"

"Alikubali."

"Basi ni vizuri, Patron."

Bosi! Ladislas alingoja acheke. Hakucheka.

Tangu siku hiyo kila kitu kilibaki kama zamani: chumba, soketi, jenereta, kahawa ya moto. Sahani ya sombe tu ndiyo haikuja, na jina la Lado halikusikika tena. "Patron, kahawa yako." "Patron, umeme umerudi." Alisema kwa adabu kamili, na kila mara Ladislas alihisi uso unamwaka. Aliwahi kufikiria atafute mkahawa mwingine. Halafu akaona aibu hata kwa kuwaza hivyo, kula chumvi ya mtu kisha kumkimbia kwa sababu umemtukana.

Wiki ya mahari alimfuata tena. "Maman, njoo uikale pembeni yangu vile ulisema. Nitawaambia ukweli mbele ya wote."

Maman Patricie akamwangalia. "Utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Haya. Nitakuja."

Na alikuja. Giheke, maturubai mawili, familia mbili zikitazamana, na pembeni ya Ladislas kiti kimoja kitupu alichokilinda tangu asubuhi. Maman Patricie akaingia na kitenge kile kile, hereni zile zile, mkoba mkononi. Akasimama mlangoni akamtafuta kwa macho. Akamwona, akakiona na kiti.

Mzee Karangwa akawahi. "Ah, mufanyakazi wa mukwe wetu! Karibu, karibu, makreti ya vinywaji iko huku nyuma!"

Watu wakageuka. Ladislas akainuka nusu. Maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyasema peke yake njia nzima. Lakini aliona uso wa mzee unavyong'aa, aliona wajomba wote, akakumbuka kwamba Uwamwezi bado yuko ndani ya nyumba hajatolewa, na kwamba mzee anaweza kuamua asitolewe. Akavuta koti lake chini, kana kwamba ndilo lililomwinua, akaketi tena.

Maman Patricie alingoja kidogo. Kisha akamkabidhi msichana mmoja mkoba wake, akaenda nyuma. Mpiga picha, akitafuta pa kuweka begi lake, akaliweka kwenye kile kiti.

Alirudi na trei ya soda. Alianza na wazee, kama inavyopaswa, akawahudumia mmoja mmoja, mikono miwili, hakumruka mtu. Wengi walimsifu. Mwishowe akafika mbele ya Ladislas, akainama, na kwa sauti ya upole ile ile aliyokuwa akimwambia ale kwanza, akamwuliza:

"Patron, ya baridi ao ya moto?"