Kipimo cha Wajawazito

Mwalimu Kokulinda, mkuu wa shule mstaafu kutoka Bukoba, alikalia benchi la kituo cha afya kule Mkolani kwa tako moja, maana hakuamini usafi wake. Pembeni yake mkwewe, Evelina, alikuwa amempakata Angela wa miaka mitatu. Tangu asubuhi mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa unaning'inia tu. Ukiuacha ananyamaza, ukiugusa anapiga yowe.

"Ameanguka kitandani," Kokulinda alikwisha kumwambia mwanawe Jovitus kwa simu. Kwamba Evelina alikuwa sokoni tangu alfajiri akiuza dagaa, Jovitus alijua mwenyewe, ingawa yeye alikuwa kazini Geita. Na Jovitus alikuwa ameshaahidi: tatizo moja tu zaidi, mtoto atakwenda kulelewa na bibi yake Bukoba. Kokulinda alikuwa amelisubiri tatizo hilo miezi miwili yote aliyokaa kwa mwanawe, kama watu wa kwao wanavyosubiri kula panzi wa senene Novemba.

Kwani huyu Evelina alikuwa na lipi jema? Ndizi alizipika zikawa uji. Alicheka meno yote nje. Alimaliza darasa la saba akaona inatosha.

Tabibu aliyewaita, Mhoja, alikuwa kijana aliyevaa kandambili. Aliamkia shikamoo vizuri tu, naye akaitikiwa marahaba ya nusu mdomo. Alipovuta mashine ya altrasaundi na kumpaka mtoto jeli kwenye kiwiko, Kokulinda alicheka.

"Hicho si kipimo cha wajawazito? Mjukuu wangu ana mimba ya kiwiko?"

"Kinaona hata mifupa, Bibi. Kiwiko cha mtoto wa umri huu sehemu kubwa bado ni gegedu laini, haijawa mfupa, na eksirei haioni gegedu."

"Nimefundisha sayansi miaka thelathini na mmoja. Mfupa ni eksirei. Tunakwenda mjini."

"Mtakwenda, Bibi. Ngoja kwanza."

Mhoja alipitisha kifaa taratibu, akalinganisha na mkono mzima. Mstari mweupe kwenye kioo ulikuwa mfupa, nao haukukatika popote. Nyuma ya kiwiko hapakuwa na damu iliyovujia ndani. Ila kano moja ndogo ilikuwa imeteleza ikabanwa ndani ya kiungo.

"Bibi, umesema ameanguka kitandani, ila hii siyo picha ya kuanguka," alisema. "Mtoto amevutwa. Mtu mzima amemnyanyua kwa kiganja. Naweza kuirudisha hapa hapa, sekunde mbili tu. Lakini kama kweli alianguka siugusi mkono, nitawaandikia rufaa akapigwe eksirei kwanza, na maumivu ataendelea nayo hadi huko. Niambieni ukweli. Nani alimvuta?"

Kokulinda akatazama bango la chanjo ukutani. Asubuhi, kwenye njia ya mawe, Angela alikaa chini akakataa kutembea, na kengele ya misa ilikuwa imekwisha kugongwa. Mkuu wa shule hachelewi misa kwa ajili ya kitoto. Alimdaka kiganja akamnyanyua juu juu, akamvusha mtaro. Kitu kikaalika kwenye kiwiko. Alikisikia, tena vizuri sana. Sasa alilisoma bango hadi mwisho, kisha akalianza upya. Mwalimu huyu alikuwa amechapa watoto wa watu miaka thelathini na mmoja kwa kosa la kusema uongo.

"Ni mimi," alisema Evelina.

Kokulinda aligeuka. Evelina hakumtazama. Habari ya Bukoba aliijua, Jovitus alimtamkia mezani mbele ya mama yake.

"Nilimvuta mimi, daktari. Mrudishie tu."

Mhoja alishika kiwiko, akazungusha kiganja, akakunja mkono. Kiungo kikaalika. Angela alilia, akabembelezwa, na dakika chache baadaye mkono uleule ukapanda kuchezea hereni ya mama yake.

"Ukimnyanyua mshike kwapani, siyo kiganja," Mhoja alimkaripia Evelina. "Mama mzima hujui hilo?"

"Nimesikia, daktari."

Kokulinda, ambaye hakukosa la kusema hata kuhusu chumvi, alianza kulisoma bango mara ya tatu.

Walipotoka nje simu iliita. "Amevunjika?" Jovitus aliuliza. "Basi nikija kesho mtaondoka naye, Mama."

"Hakuvunjika. Mwache mtoto na mama yake."

"Kulikoni tena?"

"Nimesema mwache." Akakata simu. Alijiona amelipa deni lote, tena amezidisha.

Akamnyooshea Angela mkono ili wavuke barabara. Angela akaficha wake mgongoni.

"Mama," Evelina alisema, kwa adabu ileile ya siku zote, ila safari hii hakuinamisha macho. "Nadhani ulimsikia daktari. Kwapani."