Bweni la Lolwe Liko Wazi

Siku mfumo mpya ulipowashwa, Dorca Akinyi alivaa suti yake ya kijani akakaa mstari wa mbele, kwa kuwa kazi ile ilikuwa yake. Alikuwa naibu msajili wa chuo, na ndiye aliyeongoza kamati ya kuuhama mfumo wa zamani. Kwa muda mrefu alikuwa amewabembeleza wakuu wa idara, akawatuliza makarani walioogopa kufutwa, akagombana na vijana wa kampuni iliyoleta programu. Sasa usajili, mitihani, mishahara na vyumba vya kulala vyote vilikuwa mahali pamoja. Profesa Oyugi, naibu makamu wa chansela aliyesimamia utawala, alisimama akasema maneno yaliyopigiwa makofi.

"Kuanzia leo hakuna tena kuzunguka maofisini na barua mkononi. Ukiuliza, mfumo utakujibu."

Akinyi naye alipiga makofi.

Wiki iliyofuata wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakaanza kuwasili. Hapakuwa na foleni. Mtoto aliingia langoni, akafungua simu, akaonyeshwa chumba chake, akaenda zake. Akinyi alikuwa amesimama kivulini akiitazama kazi yake kwa raha wakati Mama Nabalayo, mlezi wa mabweni ya wasichana, alipomjia akiwa amemshika msichana mmoja mkono. Nabalayo alikuwa mwanamke mnene wa Kibukusu, mwenye sauti ya kanisani, lakini siku hiyo alizungumza chini chini.

"Madam, hebu muulize huyu amepewa chumba wapi."

Msichana aliinua simu. Jina lake lilikuwa Becky Naswa, ametoka Webuye asubuhi ile, godoro lake limefungwa kwa kamba ya katani. Kwenye kioo cha simu paliandikwa: Bweni la Lolwe, ghorofa ya chini.

Akinyi alilisoma jina hilo mara mbili.

Lolwe lilikuwa jengo la mwisho kabisa, lililojengwa karibu na maji kuliko mengine, wakati ambapo ziwa lilikuwa mbali na watu wakidhani litakaa huko huko. Mwaka ziwa lilipopanda, maji yaliingia vyumba vya chini yakakaa humo miezi. Viboko walilala penye uwanja wa netiboli. Wasichana walihamishwa, mhandisi akaja, akachimba kando ya msingi, akaweka mkono ndani, akautoa na udongo laini kama uji. Alisema jengo lile lisikaliwe tena na mtu. Baadaye maji yakashuka, magugu maji yakakauka ukutani, na Lolwe likabaki limesimama peke yake, jeupe, madirisha mazima. Ukilitazama kwa mbali ungedhani halina neno.

Akinyi alikwenda moja kwa moja kwa Brandon, fundi wa kampuni aliyebaki chuoni kuusimamia mfumo. Brandon alibonyeza hapa na pale, kisha akajikuna shingo.

"Madam, kule kwa zamani habari ya kufungwa ilikuwa imeandikwa kwa sehemu ya maelezo. Sehemu ya maelezo hatukuihamisha."

"Kwa nini?"

"Ulisema imejaa takataka. Panya, funguo zimepotea, taa imeungua. Ulisema tuanze safi."

Alikuwa amesema hivyo, kweli, mchana mmoja akiwa amechoka, mbele ya kamati nzima, na hakuna aliyepinga. "Funga sasa," alisema.

"Naweza, ni kubonyeza tu. Lakini kuna wasichana zaidi ya mia mbili wamepangiwa huko tayari. Nikifunga, watabaki nje."

Basi akaenda kwa Profesa Oyugi. Alikwenda kwa moyo mwepesi kiasi, akiamini kwamba mkubwa akisikia jambo kama lile angesimama hapo hapo na kupiga simu. Profesa alimsikiliza huku akikoroga chai. Akinyi alipomaliza, Profesa hakuuliza habari za jengo.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama Nabalayo. Na Brandon."

"Hao tu." Alionja chai. "Akinyi, nyaminwa." Alimwita hivyo, dada yetu, kila alipotaka kitu. "Mabweni mengine yamejaa. Niwaambie wazazi waje wachukue watoto wao wiki ya kwanza? Watasema mfumo umeshindwa. Na mfumo huu watu wanasema ni wa Akinyi."

"Prof, mhandisi alilikataa lile jengo."

"Alilikataa maji yakiwa juu. Sasa yameshuka. Mfumo unasema liko wazi. Wewe na mimi ni nani tubishane nao?" Alitabasamu kama mtu anayetania, lakini macho yake hayakutania.

Akinyi alitoka. Jioni ile mafundi walikuja na rangi na balbu mpya, na kabla ya mwisho wa juma Lolwe lilikuwa limejaa wasichana, nguo zinaning'inia madirishani, muziki unasikika hadi langoni.

Hakuna kilichotokea. Wiki zikapita, Akinyi akaanza kulala vizuri. Alijiambia kwamba huenda wahandisi nao huzidisha hofu, kwamba jengo lililosimama miaka yote hiyo lingesimama na mwaka mmoja zaidi. Profesa Oyugi alimsifu mbele ya baraza la chuo. Nyumbani kwake mtaa wa Milimani, majirani walimuuliza habari za mfumo, naye akazieleza kwa fahari.

Kisha mvua zikaanza milimani Nandi, na mito ikaleta maji mekundu ziwani. Kila siku Akinyi alipoegesha gari aliutazama ukingo. Matete yaliyokuwa nchi kavu yalikuwa yamesimama majini. Mama Nabalayo alimpigia simu.

"Madam, shuka huku uone kwa macho yako. Mimi nimeripoti kwa mfumo mpaka vidole vimechoka. Kila nikiripoti, najibiwa limeshughulikiwa. Sijaona mtu hata mmoja akija."

Akinyi alishuka. Nabalayo alimpeleka bafu la ghorofa ya chini, akamwonyesha beseni. Ndani alijikunja kamongo, yule samaki wa matopeni, mweusi, mnene kama mkono, akifungua na kufunga mdomo. Wasichana walikuwa wamemkuta asubuhi sakafuni. Hakuwa ameletwa na mtu. Alipanda mwenyewe kutoka chini, penye vigae vilivyoachana. Milango ya upande wa ziwa haikuweza kufungwa tena, kwa sababu fremu zilikuwa zimelala upande. Kwenye pembe ya mwisho palikuwa na ufa kutoka dari hadi chini, nao wasichana walikuwa wameuziba kwa leso ya maua ili upepo usipite.

"Madam, karibu," alisema Becky Naswa, kwa kuwa chumba kile kilikuwa chake. Alikuwa amebandika picha za kaka zake ukutani, kando ya ule ufa. "Asante kwa chumba. Wenzetu wengine hawaoni ziwa."

"Unalala vizuri, Becky?"

Msichana alifikiri. "Kuna kelele kidogo. Kama mtu anavuta kitanda chini yetu. Lakini chini yetu si hakuna mtu?"

Akinyi alitoka chumbani. Alipanda hadi ofisini kwake, akafunga mlango, akaingia kwenye mfumo, akalitafuta Bweni la Lolwe na kulifunga. Hakumuuliza mtu. Kupitia dirishani aliona wasichana wakitoka mmoja mmoja, simu mikononi zikiwaambia bweni limefungwa, wakitazamana. Kabla jua halijatua walikuwa wametandaza magodoro katika ukumbi wa chakula, wengine wanalia, wengine wanamlaani asiyejulikana aliyewaondoa. Alikwenda nyumbani akihisi kwamba, lolote litakalomfika, hilo angalau limepita.

Asubuhi nywila yake ilikataliwa. Alijaribu tena, ikakataliwa tena. Alipofika chuoni, ukumbi wa chakula ulikuwa umefagiliwa na wasichana walikuwa wanashuka kuelekea ziwani na magodoro yao vichwani. Lolwe lilikuwa wazi. Alimkuta Brandon kwenye ngazi. Kijana alitaka kupita, Akinyi akamzuia.

"Nani amefungua?"

Brandon alitazama juu na chini ya ngazi, kisha akatoa simu yake na kumwonyesha. Palikuwa na picha ya mstari mmoja tu. Bweni la Lolwe, limefunguliwa na D. Akinyi, saa mbili usiku.

"Saa hiyo nilikuwa nyumbani, nimekaa mezani na watoto wangu."

"Najua, Madam."

"Basi ni nani aliyetumia jina langu?"

Kijana alirudisha simu mfukoni polepole. "Mimi nina mke Bondo na mtoto mchanga," alisema. "Tafadhali usiniulize tena." Akashuka ngazi, na tangu hapo kila walipokutana aligeuza njia.

Kabla ya adhuhuri Profesa Oyugi alimwita. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Akinyi zaidi. Alimwambia anaonekana amechoka, kwamba mradi mkubwa humchosha mtu hadi akafanya mambo asiyoyakumbuka, leo anafunga, kesho anafungua. Apumzike. Atapigiwa simu akihitajika. Mlinzi mmoja alimsindikiza hadi kwenye gari, akamfungulia mlango kwa heshima, akasubiri mpaka ameondoka.

Akinyi aliendesha hadi mzunguko wa kwanza wa barabara, akageuza gari. Aliliacha kando ya kibanda cha samaki na kuingia kwa miguu kupitia njia ya wavuvi, ambako hakuna lango wala mlinzi. Alianza na mlango wa kwanza wa Lolwe, akabisha. Hakuwa na karatasi, hakuwa na cheo cha kuwatisha. Aliwaeleza wasichana alivyoambiwa na mhandisi, na jinsi habari hiyo ilivyoachwa nyuma, na nani aliyekubali iachwe. Mama Nabalayo alipoona hivyo alivua viatu akaanza na ghorofa ya juu.

Wengine walimsikiliza. Waliokuwa na shangazi mjini walifunga mizigo, na kundi kubwa Nabalayo alilipeleka mtaani kwake Nyalenda, wengine nyumbani kwake, wengine katika kanisa lake, wakalala kwenye mabenchi. Lakini wengi walikataa. "Jana ulitutoa, leo umeturudisha, sasa unatutoa tena," msichana mmoja alimwambia, kwa kuwa ujumbe uliowarudisha ulikuwa na jina la Akinyi. "Tukitoka, mfumo utampa mtu mwingine chumba. Utatupa wewe kitanda?" Akinyi hakuwa na kitanda cha kuwapa. Becky Naswa alikuwa na malaria, amejifunika shuka hadi kidevuni. Alisema atatoka kesho, homa ikishuka. Akinyi alitaka kumbeba. Walinzi walifika wakati huo, na safari hii hawakumfungulia mlango kwa heshima.

Jumapili asubuhi, wasichana waliobaki walipokuwa kanisani na Becky bado amelala na homa, pembe ya Lolwe iliyotazama ziwa ilishuka. Waliokuwa mbali walisema haikutoa kishindo walichokitarajia. Ilikuwa sauti ya kitu kizito kikiwekwa chini, halafu vumbi, halafu mawimbi yakipiga penye ukuta uliokuwepo. Wavuvi ndio waliofika kwanza. Walimtoa Becky chini ya slabu ya zege akiwa hai, ameshikilia shuka, na nyonga yake imesagika.

Tume iliundwa. Akinyi aliitwa chumba cha mikutano, wakamwekea mbele karatasi iliyochapishwa ule mstari wa mfumo. Profesa Oyugi alikaa mwisho wa meza, mikono imekunjwa, uso una huzuni.

"Jina hili ni lako?" mwenyekiti aliuliza.

"Jina ni langu. Mkono si wangu."

"Madam, mfumo hauandiki mikono," mwenyekiti alisema, na mtu mmoja akaandika jibu hilo.

Siku ya tatu baada ya kikao hicho alikwenda hospitalini. Alijua hakupaswa kwenda. Wakili wake alikuwa amemwonya. Katika korido ya wodi alimwona dereva wa gari la chuo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, hana mgonjwa wa kumwangalia. Dereva alimtambua, akainua simu sikioni.

Becky alikuwa amelala, mguu umening'inizwa. Kando ya kitanda alikaa mama yake, mwanamke mwembamba wa Webuye aliyefunga kitambaa cheusi, akimenya chungwa kwa kisu kidogo. Juu ya kabati palikuwa na maua makubwa ndani ya karatasi yake ya dukani, hayajawekwa majini.

"Wewe ndiye Dorca Akinyi," mama alisema bila kuinua macho.

"Ndiyo, Mama."

"Alikuja mzee mmoja, mtu wa maana, na hayo maua. Alinipa pole vizuri sana. Akasema kuna mwanamke atakuja hapa, ndiye aliyefungua lile jengo, nisizungumze naye." Aliendelea kumenya, ganda likashuka refu bila kukatika. "Nikamuuliza, alifungua kwa nini? Mama mzima, mwenye watoto, atafungua kwa nini? Yeye akaangalia saa yake."

Akinyi alibaki amesimama. Nyuma yake alisikia viatu vya dereva vikikaribia mlango wa wodi, kisha vikatulia hapo.

Mama Becky alisogeza mkoba wake kutoka kwenye benchi, akaligawa chungwa mara mbili.

"Kaa," alisema. "Anza tangu mwanzo, na useme polepole. Mtoto akiamka, naye asikie."

Akinyi alikaa. Alitazama mlangoni mara moja, kisha akageuza mgongo na kuanza kusema.