Kadi ya Suzana

Suzana alifariki Jumanne, tarehe kumi na tano Machi, mwaka tisini na nne, saa nne asubuhi, katika chumba walichopanga mtaa wa Nyakato. Mdogo wake Wilhelmina alikuwa nje anafua shuka. Wanawake wa jirani walipoingia kumpa pole waliona jicho lake la kushoto linachuruzika na la kulia limekauka, wakatazamana. Hawakujua kwamba jicho lile lilikuwa linatoa maji kwa miaka miwili, iwe msiba au sherehe.

Kwenye kiwanda cha samaki alikofanya kazi walilijua. Wilhelmina alikuwa anachuna ngozi minofu ya sangara kabla haijapangwa kwenye barafu. Mwezi Julai jicho lilianza kutoa usaha, na Mbaruku, msimamizi wa zamu, akamwita pembeni.

"Wazungu wanakuja kukagua, Wilhe. Wakiona hilo jicho watafunga mstari mzima wa kazi. Likikauka, rudi. Nafasi yako naishikilia hadi mwisho wa Agosti."

Nesi wa zahanati alimweleza kwamba kila mtu ana mfereji mwembamba unaoteremsha machozi puani, na wake ulikuwa umeziba. Dawa za matone haziwezi kuuzibua. Inatakiwa operesheni, kutoboa njia mpya. Daktari anayeifanya huja mjini mara moja kwa mwaka, siku tatu tu.

Wakati huo hospitali zilikuwa zimeanza kuchangisha wagonjwa pesa za matibabu. Waliosamehewa ni wenye kadi za utafiti. Watu wa utafiti walikuwa wamepita Nyakato mwaka uliotangulia, nyumba kwa nyumba, wakaandika namba milangoni kwa chaki ya buluu, wakatoa damu mtu mmoja kila nyumba ili wajue ukimwi umeenea kiasi gani. Siku hiyo Wilhelmina alikuwa zamu. Kadi akapewa Suzana.

"Itumie," jirani yake Tereza alimwambia. "Marehemu hatibiwi. Na sura mnafanana, nani atauliza?"

Ndiyo maana siku ya tatu ya daktari, saa kumi na mbili asubuhi, Wilhelmina alikuwa kwenye benchi la hospitali na kadi isiyo yake. Alimwamkia mzee aliyekaa karibu, Mzee Ngosha, mwenye mtoto wa jicho.

"Marahaba. Mbona unalia kabla hujakatwa, mama? Subiri kidogo, tutalia wote."

Benchi zima likacheka, naye akacheka.

"Suzana Shimba!" aliita Nesi Bernadeta.

"Nipo."

Alisimama na kadi mkononi, akaenda mezani. Nesi alitoa jalada kabatini, akalitazama juu, akapunguza sauti.

"Dada, wewe utaingia mwisho."

"Kwa nini? Nimefika wa tatu."

"Wenye nyota wanaingia mwisho. Hii operesheni inatoa damu nyingi puani, na seti ya vifaa tunayo moja."

Kwenye kona ya jalada palikuwa na nyota ya kalamu nyekundu.

"Nyota ya nini?"

Nesi alimtazama. "Si walikaa na wewe wakakueleza majibu ya damu, ulipolazwa hapa Novemba?"

Novemba Suzana alirudi kutoka hospitali akasema ni kifua. Tangu siku hiyo akawa na kikombe chake dirishani, anakiosha mwenyewe, hataki mtu akishike. Wilhelmina alidhani amenuna. Walikaa wiki nzima hawasemeshani kwa sababu ya kikombe.

Aliporudi kwenye benchi alikuta nafasi yake imepanuka. Mzee Ngosha alikuwa amesogeza kapu lake mbali na kufungua redio.

Alisubiri. Mchana hakula. Waliotangulia walitoka na bandeji, wakashikwa mikono na ndugu zao. Saa tisa alasiri alibaki yeye peke yake. Nesi akaja na gauni la kijani na fomu.

"Una bahati, daktari hajachoka. Vaa hii. Halafu watu wa utafiti wameniomba niwajazie hapa, ni maswali mawili. Umehama?"

"Sijahama."

"Nyumbani kwenu, tangu wapite mara ya mwisho, kuna aliyefariki?"

Wilhelmina alikuwa ameshaingiza mkono mmoja kwenye gauni. Mlango wa chumba cha operesheni ulikuwa wazi. Aliona taa, na mtu akipanga vifaa.

"Kuna aliyefariki?" Nesi alirudia, kalamu iko tayari kwenye kisanduku cha hapana.

"Yupo."

"Nani?"

"Suzana Shimba. Dada yangu. Hiyo kadi ni yake."

Nesi akafunga mlango taratibu.

"Dada, ungesema hapana tu. Dakika tano hizi ungekuwa ndani."

"Najua. Andika."

"Bila kadi siwezi kukuingiza. Na hata ukiwa na pesa za kuchangia, leo mhasibu ameshafunga."

"Najua, nesi. Wewe andika. Tarehe kumi na tano Machi."

Nesi Bernadeta aliandika. Wilhelmina alisimama karibu naye akitazama mpaka alipomaliza kuandika mwaka, kisha akavua gauni, akalikunja.

Daktari anarudi Agosti mwaka kesho. Katika daftari la wanaosubiri Wilhelmina ni wa hamsini na nane, kwa jina lake, na kiwandani kwenye meza yake sasa mtu mwingine ndiye anayechuna.